Mzee Yupi Apewe Maini?

Kwa Daktari wa Mifugo wa mtaa wetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima, na kwamba ng'ombe, mbuzi na kuku walio mikononi mwako nao hawajambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa nyumba yenye geti la bluu, jirani na fundi cherehani. Usinichanganye na mbwa wetu, ambaye naye anaitwa Mzee. Mjukuu wangu ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya ndevu zake nyeupe. Mimi sikuulizwa.

Mwezi uliopita mke wangu alimleta Mzee kwako, ananyonyoka manyoya. Ulimweleza, kwa ustadi ninaousifu, kwamba mbwa halishwi makombo, bali hupikiwa mlo kamili nyumbani. Tangu hapo nyumba yangu imekwenda kichwa chini miguu juu. Naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Tuanze na lugha, maana ndiko kosa lilikoanzia. "Kamili" ni kitu kisichopungua. Lakini nyama inayoingia nyumbani kwetu ni ileile. Mlo wa mmoja ukikamilika, wa mwenzake lazima upungue. Hii ni hesabu ya darasa la pili, nimeifundisha mwenyewe.

2. Maini, wali, karoti na boga humwendea Mzee wa mlangoni. Mzee wa mezani, yaani mimi, huletewa yale makombo uliyosema hayamfai mbwa. Nilipouliza, mke wangu alinijibu kwa upole kwamba daktari hakusema lolote kuhusu mimi.

3. Sufuria yangu ya uji sasa ni ya mbwa. Ya kwake ilikuwa na kutu, na kutu si nzuri kwa tumbo lake. Uji wangu unapikwa kwenye ile ya kutu.

4. Maganda ya mayai husagwa, mbwa akanyunyiziwa kwenye mlo wake, ati yaimarishe mifupa. Mimi magoti yangu yanalia kama bawaba za mlango, na sijaonjeshwa hata ganda.

5. Ulinzi. Juzi mchana kweupe mtu tusiyemjua alifungua geti akaondoka na ndoo yetu. Mzee alifumbua jicho moja, akalifumba. Aliyebweka ni mimi. Fundi cherehani ni shahidi, na tangu siku hiyo kila tukikutana huniuliza kama nimeshachanjwa.

6. Ulikataza chumvi na vitunguu. Mke wangu, ambaye hapendi kazi mbili, amevifukuza jikoni moja kwa moja. Hapa, Daktari, ndipo panaponiuma. Tangu tuoane, amekuwa akichota mchuzi kwa kijiko, akiupuliza, akinionjesha na kuniuliza kama chumvi imekolea. Sasa chumvi haipo, na swali halipo. Kijiko anaonjeshwa mwingine, ambaye hana hata adabu ya kujibu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama utengue mlo huo, mbwa arudi kwenye makombo nami nirudi kwenye maini. Ama uniandikishe miongoni mwa wanyama wako. Sifa ninazo: ndevu ni nyeupe, nywele zinanyonyoka, kubweka nimeshabweka, na jina limekwisha kuzoeleka.

Nisalimie mkeo, wanao, na yule mbuzi wa muuza maziwa aliyevunjika mguu.

Ni mimi, ninayesubiri jibu lako nikiwa nimeketi vizuri,

Mzee (wa mezani)

Baada ya kuandika: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu ameita kutoka jikoni, "Mzee, njoo ule." Tumeinuka wote wawili. Nimefika kwanza, kwa sababu mwenzangu ana shibe ya mwezi mzima. Mke wangu alikuwa ameinamia sufuria, akanyoosha kijiko nyuma bila kugeuka. Nikaonja. Alipogeuka akanikuta ni mimi, akaniuliza kama boga limeiva.

Limeiva, Daktari. Tena maini bila chumvi yana utamu wake, ni vile tu watu hawajaelimishwa. Basi yafute yote niliyoandika hapo juu. Mlo usitenguliwe hata kidogo. Ila utakapopita kumwangalia mgonjwa wako, mwambie mke wangu kwamba Mzee aongezewe maini. Usifafanue.