Jile za Godoro

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Kasongo.

Mvua. Shefu wa kivuko ametangaza: kuanzia Alhamisi, mtumbwi wa mota hauvuki Lualaba bila jile ya kuokoa maisha kwa kila abiria, na abiria wasizidi kumi na wawili. Kumi na wawili! Mtumbwi wangu hubeba ishirini na watano wakibanana vizuri. Mahamudu, mpinzani wangu, ameshaleta jile zake kutoka Kindu, zenye filimbi shingoni. Filimbi! Anafikiri mto ni uwanja wa mpira.

Nimepata akili. Godoro la chumba cha wageni. Sponji ni nyepesi, jile ni nyepesi. Nani atajua?

Jumanne, 4 Novemba.

Godoro limekatwa vipande. Fundi cherehani amevishonea kitambaa cha rangi ya chungwa. Jile kumi na mbili, nzuri kuliko za Mahamudu. Alimasi, shemeji yangu anayeendesha mtumbwi, alitaka kutupa moja mtoni aone kama inaelea. Nikakataa. Kitambaa kingechuja rangi kabla ya ukaguzi.

Hawa, mke wangu, alisema Alimasi ni kaka yake wa pekee, ana watoto watatu, na kuogelea hajui. Ninunue angalau jile moja ya kweli, yake peke yake. Nikamweleza kwamba moja ya kweli ingeziaibisha zile kumi na moja. Aliondoa sahani kabla sijamaliza kula.

Alhamisi, 6 Novemba.

Ukaguzi. Shefu alivaa jile moja, akavuta kamba, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Akasema imemkaa. Majini hakuitia. Tumepita! Ila ametoa agizo: nahodha awe mfano, avae yake safari nzima, tena aifunge sawasawa. Nikamwamuru Alimasi apige mafundo matatu. Alisema, "Shemeji, hii iko godoro." Nikamwambia afunge.

Mahamudu alipita akipiga filimbi yake. "Papa Kamaldine, hizo ni jile ao vitanda? Ukichoka katikati ya mto, lala!" Bandari nzima ikacheka. Wivu.

Jumamosi, 8 Novemba.

Siku ya soko. Shefu alikuwa msibani, kwa hiyo nilipakia abiria ishirini na watatu, mbuzi wawili na bidoni tisa za plastiki zilizojaa mawese, za Mama Ernestine. Jile niliwapa waliowahi. Mama Ernestine alinirudishia yake. Alisema mwaka jana godoro lake lilinyeshewa uani, ikabidi watu wawili walibebe kulirudisha ndani. Nikamwambia mambo ya kisasa hayajui. Wengine walizivua mara tulipoondoka, wakazikalia, maana mbao ni ngumu. Watu hawaheshimu usalama!

Katikati ya mto, upepo. Mbuzi wakakimbilia upande mmoja, watu nao. Maji yakaingia. Mtumbwi ukapinduka.

Mawese huelea. Mimi na Mama Ernestine tulishika bidoni moja. Alinitukana kwa lugha yake ya Kizimba mpaka ng'ambo. Mahamudu aligeuza mtumbwi wake akaokota watu mmoja mmoja. Abiria wote ishirini na watatu wako hai.

Alimasi hayupo. Nilimwona mara ya mwisho akihangaika na mafundo.

Jumatatu, 10 Novemba.

Wavuvi wamempata kwenye matete, mbali kule mto unakoteremkia. Jile ilikuwa bado imefungwa. Ilibidi wanaume wanne wamtoe. Tumemzika baada ya adhuhuri.

Shefu ameandika sababu ya ajali: upepo. Angeandika nini, naye jile alizipitisha mwenyewe?

Hawa hakunitazama makaburini. Ameondoka na mjane na wale watoto watatu kwa pikipiki mbili, kwenda kwa mama yake, kijijini Wamaza. Hakuniaga. Huzuni humfanya mtu asahau adabu.

Ijumaa, 14 Novemba.

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa la sponji. Mafundo matatu ni mengi, mawili yangetosha. Mtumbwi tumeuopoa, na jile zilizookolewa nimezianika juu ya ua. Bado zinachuruzika.

Kivuko, kilichofungwa tangu ajali, kinafunguliwa kesho, siku ya soko. Kuna amri mpya: kila mtumbwi uwe na orodha ya waliomo, na juu yake jina la nahodha mwenye cheti. Mimi sina cheti, na darasa la kukipata ni wiki sita. Wiki sita!

Lakini cheti cha Alimasi kimebaki kabatini kwangu. Kina muhuri, na muda wake hauishi mpaka Desemba mwakani. Picha yake imefifia kidogo. Tukivaa kofia tunafanana.

Nimeshaandika jina lake kwenye orodha. Kesho anavusha watu thelathini.