Ombi la Kufuta Kipimo cha Mwanangu Lévi

Goma, Murara, tarehe 8 Septemba 2021

Kwa Daktari Zihindula, mkuu wa kliniki
Kuhusu: kipimo alichofanyiwa mwanangu bila mimi kuulizwa

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Masika, mjane, mzaliwa wa Butembo, muuza maharage wa jumla hapa Murara, na mama yake Lévi uliyempima wiki iliyopita. Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo Ijumaa, nikangoja ipungue, ndiyo maana barua imechelewa.

Lévi ameoa miaka sita sasa. Mke wake, Wivine, ni mtoto mwenye adabu, hilo silikatai, ila hajazaa. Nimempeleka kwa madaktari wanne, na wote walimkuta mzima. Nilivumilia, maana daktari asiyeona kitu kwa mwanamke hajatafuta vizuri. Ndipo nikamtuma kwako pamoja na mume wake. Wewe hukutafuta kabisa. Ulisoma karatasi zake, ukamrudishia, ukamgeukia mwanangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimpa Lévi kichupa chenye jina lake lote, pamoja na jina la marehemu baba yake, alivyoandika binti mmoja muuguzi wako kwa herufi kubwa. Akatumwa chumbani peke yake, watu wa kwenye benchi wakimtazama akiingia, na wakimtazama akitoka. Mwanamke hata umpime mara kumi, amezoea. Mwanaume ana heshima yake.

2. Matokeo yakasema mbegu zake ni chache, na hizo chache zinakwenda polepole. Daktari, Lévi ni winga wa mpira. Kila Jumapili mtaa mzima unatoka kumwangalia akikimbia. Mutu wa mbio namna ile, mbegu zake zimejifunza wapi uvivu?

3. Nilipokuja mwenyewe kuuliza, ulinichorea picha. Ulisema mbegu mamilioni huanza safari, na moja tu ndiyo huingia ndani ya yai. Nikakujibu kama mfanyabiashara. Maharage yangu yanakuja kwa lori kutoka mji wa Kiwanja. Magunia mia yakitoka na moja tu likafika, silaumu maharage, naulizia barabara. Na barabara hapa ni Wivine. Ukacheka, ukasema: "Mama, hata barabara ikuwe muzuri namna gani, kama kamiyo haijatoka Kiwanja, utangoja tu." Jibu lile lilisikika mpaka kwenye benchi.

4. Ukaongeza kwamba mtoto ni nusu ya baba na nusu ya mama. Kwetu mtoto akizaliwa ni wa baba mzima. Kwa hiyo asipozaliwa, kosa zima ni la mama. Ndivyo tulivyogawana siku zote, na sijasikia mwanaume hata mmoja akilalamika.

5. Hili ndilo zito. Tangu Wivine asikie kwamba ni mishipa iliyovimba kwenye korodani ya mume wake, na kwamba joto lake ndilo linaloharibu mbegu, amebadilika. Anaimba akifua. Alhamisi alijiongezea mboga ya sombe bila kuniangalia usoni kwanza. Daktari, kwa miaka sita nimewaeleza akina mama wa parokia, wa soko na wa barabara yetu yote kwamba ni yeye. Kuna familia kule Kiwanja nimekwisha kuongea nayo juu ya binti yao. Nani atazunguka nyumba kwa nyumba kuyaokota maneno yale? Kliniki yenu itanipa mtu?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uandike karatasi mpya inayosema kwamba shida ni ya Wivine. Dhamiri ikikukataza, andika ni ya wote wawili. Ikikukataza tena, andika ni vumbi la volkano ya mwezi wa tano. Najua miaka sita ilitangulia, lakini vumbi halina mama wa kuja kulalamika. Na tangu sasa, wanaume wa familia zenye jina wasipimwe kitu chochote isipokuwa malaria.

Nisalimie wauguzi wote, hata yule binti wa herufi kubwa, na mama wa watoto wako. Mungu aendelee kuibariki kazi ya mikono yako, isipokuwa hii.

Mimi mwenye kukuheshimu,
Masika, mama ya Lévi

N.B. Ulimwuliza Lévi kama baba yake aliwahi kuwa na shida kama hii, akajibu hapana. Alijibu anachokijua. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya hospitali moja ya Butembo, ya mwaka 1988. Jina lililo juu ni la marehemu mume wangu. Utakuta ni mishipa ileile, upande uleule wa kushoto. Walimpasua, na baada ya miaka miwili nikamzaa Lévi. Nyumbani watu wote waliambiwa kwamba mgonjwa ni mimi. Yeye aliniomba hivyo tukiwa njiani kurudi, akitembea kwa shida, nami nikakubali kwa sababu nilimpenda. Mama mkwe wangu akanichemshia mizizi, nami nikainywa mwaka mzima, asubuhi na jioni, kwa ajili ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Leo asubuhi nilimkuta Wivine jikoni ameshika kikombe cha mizizi hiyohiyo. Ni mimi ninayemchemshia. Nikamnyang'anya, nikaimwaga nje. Akaniuliza, "Mama, juu ya nini?" Nikachukua kikombe, nikakiosha.

Siku ya kumpasua Lévi umeandika Jumatano ijayo. Usiibadilishe. Karatasi hii mwonyeshe yeye kwanza, mkiwa wawili tu. Mimi nitakaa kwenye benchi na Wivine, nimwambie mwenyewe.