Picha ya Kutangulia Jeneza

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Tumemzika Aloisi. Mazishi safi, nyama ya kutosha. Lakini ile picha! Iliyobebwa mbele ya jeneza, mbele za watu wote wa Uru! Wameikuza kutoka kwenye kitambulisho. Flashi imepiga kwenye miwani, macho hakuna, ni taa mbili tu. Mjukuu wake mwenyewe aliuliza huyo babu ni nani. Aloisi alikuwa mtu wa kupendeza, na ameondoka duniani kama bundi.

Evaristo, jirani yangu wa mpaka mmoja, akaninong'oneza tukiwa bado makaburini kwamba yake iko tayari. Alipigwa picha Dar na binti yake, taa kulia, taa kushoto. Ameitundika sebuleni. Anakaa mkabala nayo wakati wa chai.

Nikamuuliza Dafroza: mimi nikifa wataweka picha gani? Mke wangu akasema ile ya kitambulisho, ipo ipo tu. Nimeitoa kuitazama. Mwizi wa kuku, ameshikwa na kuku mkononi!

Haiwezekani. Nina miaka sabini na nane. Nitajifunza kuweka mwanga mwenyewe.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshuka mjini, mtaa wa Soweto, kwa Bernadetha mwenye studio ya picha. Akanipa shikamoo na kiti, akasema baba kaa hapo, dakika mbili tumemaliza. Nikakataa. Akinipiga yeye, Evaristo atasema nimebebwa. Nataka siri, sio picha.

Akacheka, akanifundisha. Jua la saa sita linachimba mashimo machoni, unakuwa fuvu kabla ya wakati wako. Mwanga uje kutoka pembeni, usimmwagie mtu usoni kama maji ya kunawa. Upande wenye giza, weka kitu cheupe kirudishe mwanga. Na wingu ni pazia la Mungu, nisilitukane.

Nimeyaandika yote nyuma ya pakiti ya mbegu za karoti. Nikauliza kuhusu kipara. Akasema poda. Nikauliza kama anatania. Hatanii.

Niliishia darasa la nne, lakini kwa mwanga sasa mimi ni profesa.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio la kwanza, katikati ya kihamba, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba. Kivuli kizuri, mwanga umetulia. Nikafunga simu kwenye mti wa kahawa kwa kamba ya mgomba, nikaiwekea sekunde kumi, nikakimbia kukaa. Goti likalia.

Nimetoka kijani! Uso, shati, hata meno. Jua limepita kwenye majani likanipaka rangi. Dafroza akasema afadhali nisubiri niive.

Jaribio la pili. Nikatundika chandarua kati yangu na jua ili kulilainisha. Chandarua chetu ni cha bluu. Sasa nilikuwa bluu kama mtu aliyekwisha kufa juzi. Dafroza alicheka mpaka akakaa chini. Baba Eva, akasema, hiyo peleka kabisa kanisani, itawaokoa kazi ya kutangaza msiba.

Sikati tamaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nanenane. Wenzangu wamekwenda kwenye maonyesho kutazama matrekta. Mimi nimeng'oa bati jipya kwenye banda la mbuzi. Bernadetha alisema kitu cheupe. Bati linang'aa kuliko cheupe, kwa hiyo ni bora.

Jioni wingu likafunguka, jua likapiga bati, bati likapiga ng'ambo ya mpaka, kwenye banda la Evaristo, naye yuko chini ya ng'ombe anakamua! Ng'ombe akarusha teke. Ndoo juu. Evaristo chali. Maziwa yote kifuani.

Mkewe Margareta akaja kulalamika kwamba mumewe ananukia mtindi. Evaristo mwenyewe akapiga kelele kutoka kwake kwamba hatakanyaga mazishi yangu. Nikamjibu kwa sauti kwamba mimi kwenye yake nitakuja, walau kuangalia hiyo picha.

Jumapili, 10 Agosti

Akili imekuja katikati ya misa. Siwezi kuona mwanga ukimpiga mtu huku mtu mwenyewe ni mimi. Nahitaji wa kumjaribia. Mzee, mwenye mikunjo, mwenye kipara.

Nikakata jani la isale, nikamtuma Dafroza alipeleke kwa Evaristo. Kwetu huku ukiletewa isale huna ujanja, unasamehe. Unaweza kununa, lakini unasamehe. Akaja amenuna. Nikamwambia mbe, mzee mwenzangu, msamaha ni pamoja na kukaa hapo dakika tano.

Nikamweka mlangoni mwa banda la ng'ombe wangu. Paa juu, upande mmoja wazi, nje wingu zito. Upande wa pili Dafroza ameshika kitambaa cheupe cha meza, kile cha sala za jumuiya. Alisimama kama nguzo ya umeme. Hakupepesa!

Yesu na Maria, ile picha! Mikunjo yote ipo na kila mmoja una heshima. Macho yana uhai. Evaristo, mtu mbishi kuliko punda, anaonekana kama kardinali anayekaribia kusamehe dunia nzima. Alishika simu yangu kwa mikono miwili. Akasema hata marehemu mama yake angemtambua. Kisha akaenda kushusha ile ya Dar.

Nimeweza! Nimeujua mwanga! Kwenye uso wa Evaristo!

Jumanne, 12 Agosti

Zamu yangu. Banda lile lile, saa ile ile, wingu lile lile. Suti niliyovaa harusi ya binti yetu Eva. Poda kipara kizima. Evaristo kwenye kitufe, Dafroza kwenye kitambaa.

Picha ya kwanza: kitambaa kimeshuka, nusu ya uso wangu ni usiku. Ya pili: kimepanda, kimefunika pua. Ya tano: kimeanguka juu ya ng'ombe, ng'ombe amekaa vizuri kuliko mimi. Ya kumi na tisa: Dafroza amepiga chafya. Ya ishirini: tena. Evaristo akasema mbe, mwanga hauna kosa, mpigwaji ndiye mbovu. Nimemfukuza.

Thelathini na nne. Hakuna hata moja!

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemkabili Dafroza. Alikuwa anamenya ndizi za kiburu, zile za kupika na maharage. Nikamuuliza kwa nini kwa Evaristo alisimama kama nguzo, na kwangu mimi, mumewe wa miaka hamsini na moja, anayumba kama nyasi. Hakuinua kichwa. Akasema Evaristo ni shauri la Margareta. Akasema ananijua mimi, nikishapata hiyo picha nitatangaza kwamba sasa niko tayari. Yeye hayuko tayari. Akafuta macho, akasema ni vitunguu.

Nimetazama. Hakukuwa na vitunguu.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa na nimepata jibu. Ni mabega. Umri umempata, maskini, hawezi tena kushika kitu kwa muda mrefu, na anaona aibu kusema. Dawa yake rahisi: nimechonga nguzo ya mti wa mgrivea, imenyooka, nitapigilia kitambaa juu yake na yeye apumzike. Nikamweleza. Akafurahi sana. Akauliza nguzo nimeiweka wapi. Nikamwonyesha, nyuma ya jiko.

Kiburu cha leo kimewahi ajabu. Moto ulikuwa mkali, tumekula kabla jua halijazama, naye akaniongezea mara mbili bila kuombwa. Mke mwema.

Nguzo siioni. Lazima ni Evaristo, wivu tu. Kesho nitachonga nyingine, na hiyo nitampa Dafroza ailinde.