Mashine ya Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 1997

Mtu wa kodi anazunguka mjini kusaka waajiriwa wenye biashara pembeni. Sixbert, karani mwenzangu, kajipeleka mwenyewe. Kaelezwa kwamba mshahara na faida ya duka lake hujumlishwa, alichokatwa kazini huhesabiwa, na kilichobaki, ambacho si kikubwa, atalipa kwa awamu. Karudi anapiga mluzi. Zuzu! Mimi mshahara wangu unakatwa kila mwezi, inatosha. Leseni ya mashine yangu ya kusaga nimeiandikisha kwa jina la mama mkwe, Notburga, mkulima wa Maposeni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 16 Julai

Mtu wa kodi kafika Msamala kwenye mashine. Kauliza ni ya nani. Nimesema ya mama mkwe, mimi namwangalizia tu. Kataka kumwona. Nimemtuma mke wangu, Hilda, akamlete na kumfundisha njiani: akubali kila kitu. Hilda kauliza kama nina hakika. Woga wa bure.

Ijumaa, 18 Julai

Mama mkwe kaja na godoro na kuku wawili. Godoro la nini? Sikuuliza. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala hukai naye chumba kimoja, hivyo nimesikiliza nyuma ya ukuta. Kakubali kila kitu. Kasema mashine ni yake, mkwe wake kamnunulia kwa heshima, Mungu ambariki. Kodi atalipa, kwa awamu. Akina mama waliosubiri kusaga wakapiga vigelegele. Jina langu halikutajwa popote. Ushindi mtupu!

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa watu wamepanga mstari kunipa mkono. Mkwe wa mfano! Nimefurahi mno.

Jioni nimekwenda kuchukua mauzo. Mama mkwe kakaa mlangoni. Kumpita siwezi, kumwita siwezi. Nimesimama nyuma ya michongoma mpaka miguu ikafa ganzi, nikamtuma Hilda. Karudi mikono mitupu. Mama anashukuru sana. Mauzo ni ya kodi, yatakayobaki ni bati za nyumba yake. Nikamwambia Hilda amweleze ukweli. Kasema ukweli huo nianze kumpelekea mtu wa kodi.

Jumanne, 22 Julai

Nimepeleka mahindi kusaga. Nimepanga foleni na kulipa bei kamili. Mtu wa kodi alikuwapo. Kaniambia nisiwe na wasiwasi, mimi sina biashara yoyote. Maneno matamu hayo! Sixbert kaenda kulipa awamu yake ya kwanza, maskini, kisha kafungua duka lake. Mimi sijatoa hata senti.

Kazini wamenikubalia mkopo, nanunua mashine ya pili. Safari hii siandiki jina la mkwe, mimi si mjinga. Nimemwomba Sixbert tuandike lake, maana mambo ya kodi anayajua. Kakubali kabla sijamaliza kusema.