Robo Yangu ya Bushra

Jumamosi, 10 Mei 2025

Leo saa nne asubuhi nimekuwa tajiri. Bado hakuna anayejua.

Ilikuwa hivi. Bi Kidawa, mama wa Kizanzibari anayeshona sare za shule mtaa wa pili hapa kitongojini La Rochelle, katika nchi hii ya randi, aliniomba nimpelekee binti yake Bushra viatu vya mchezo. Mtoto alivisahau, na shule iko teksi mbili kutoka hapa. Nilikubali kwa sababu Bi Kidawa hunipa sambusa za bure kila Ijumaa. Bushra ana miaka kumi na sita. Anasoma kwa ufadhili katika shule yenye uwanja wa nyasi bandia, uwanja safi kuliko chumba changu. Anacheza mpira wa magongo, ambao hapa wanauita hoki.

Sikuwahi kuutazama mchezo huo maishani. Nilikusudia kukabidhi viatu na kuondoka. Akafunga mabao matatu. Wazazi wakasimama na vikombe vyao vya kahawa, na mmoja akaniuliza kama mimi ndiye baba. Nikajibu kuwa mimi ni mshauri. Neno lilitoka wapi sijui, lakini lilinikaa vizuri.

Njiani kurudi Bushra aliniambia kuwa wiki iliyopita alifunga mawili. Mawili, kisha matatu. Mjinga ataona mabao matano. Mfanyabiashara anaona mstari unaopanda.

Jumapili, 11 Mei

Nimeshinda na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya hesabu nilifundishwa na Mkenya mmoja wa benki kule Sandton, aliyeniletea simu iliyoingia maji niitengeneze. Alisema thamani ya kitu haiko katika vile kilivyo leo. Iko katika kile kitakachokuwa, ukikirudisha mpaka leo. Habari ya kurudisha sikuielewa. Ya kitakachokuwa niliielewa sana.

Basi: bao moja zaidi kila wiki, wiki ishirini kwa msimu. Bushra akifika miaka ishirini na minne atakuwa anafunga mabao mia moja sitini na matatu katika mechi moja. Sikutaka kuonekana mwenye tamaa, nikapunguza asilimia kumi. Mia moja arobaini na sita na ushei.

Kisha mkataba. Mchezaji wa mpira wa miguu kule Ulaya hulipwa mamilioni kwa miguu miwili tu. Bushra anatumia miguu, mikono na fimbo. Nikazidisha. Sifuri zilijaa mstari, nikaziendeleza ukurasa wa pili.

Ninazo randi elfu tatu kwenye kopo la maziwa. Ni nauli ya basi la kwenda Tanga kwa Idi ya kuchinja, mwanzoni mwa Juni. Mama hajaniona miaka sita. Nauli hiyo haiguswi. Naandika ili niwe na ushahidi.

Jumatatu, 12 Mei

Firmin amesoma daftari langu. Firmin ni kinyozi wa Lubumbashi. Meza yangu ya kutengeneza simu iko mlangoni pa saluni yake na kodi tunagawana. Nilikwenda msalani dakika tatu, niliporudi alikuwa anacheka mpaka mteja amenyolewa mshazari.

Akanihurumia kwa sauti ya juu, wateja wote wasikie. "Weye Pandu, balle ya kidogo hivi, nani analipaka?" Balle kwao ni mpira, na analipaka ni hulipa. Nikamweleza habari ya mstari unaopanda. Akacheka tena, kidogo kuliko mwanzo. Saa tisa hakuwa anacheka. Saa kumi akaniuliza Bi Kidawa anakaa nyumba ipi, maana anataka kushonewa koti.

Firmin hushonewa na Wakongo wenzake tu, na huwatukana hao pia. Koti gani? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwahi! Nilikwenda kwa Bi Kidawa na karatasi niliyoandika mwenyewe: robo ya yote yatakayotokana na hoki ya Bushra kwa miaka kumi, na mimi niwe mshauri wake. Bi Kidawa hakusimamisha cherehani. Alisema yeye hatii sahihi kitu ambacho Maalim Luqman wa madrasa hajakisoma.

Maalim akaja, akavaa miwani, akasoma. Akasema huku ni kuuza samaki aliye bado majini, biashara batili. Kisha akasema uko mlango wa halali, nao ni ushirika. Faida tugawane na hasara tugawane, kila mtu kwa fungu lake. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nilielewa mno. Hasara itoke wapi? Mtoto anashika fimbo, anapiga mpira, analipwa. Ili Bi Kidawa anione mcha Mungu, nikaomba hasara iandikwe mstari wa kwanza, kabla ya faida. Maalim alinitazama kitambo kirefu kabla ya kuandika. Bushra, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza mama yake kama Uncle Pandu yuko sawa.

Nilipokuwa natoka nikakutana na Firmin mlangoni, kitambaa cha koti mkononi. Nilimsalimu kwa adabu zote.

Jumamosi, 17 Mei

Sifuri.

Mechi nzima hakufunga hata moja. Kutoka matatu hadi sifuri kwa wiki moja. Nilichora mstari hapo hapo kwenye benchi. Kwa mwendo huu, wiki ijayo atajifunga mwenyewe matatu, na akifika miaka ishirini na minne sitaki kuandika.

Nikapata habari kuwa kocha amemrudisha nyuma awe beki. Mshambuliaji wangu! Wakati wa mapumziko nikamfuata kocha, mama mrefu mwenye filimbi, nikamfunulia daftari na kumweleza hasara anayowatia wenye hisa. Alisikiliza kwa upole. Akauliza mimi ni mzazi yupi, wa kuumeni au wa kukeni. Nikasema mimi ni robo. Akanionyesha geti.

Kipindi cha pili nilikitazama kupitia ua wa waya. Na nikiri, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu ila mimi na Firmin: hakuna aliyempita yule mtoto. Walikuja mmoja mmoja, wakaja wawili wawili, wote akawanyang'anya mpira kama mama anayempokonya mtoto mkasi. Lakini daftari langu halina safu ya vitu ambavyo havikutokea.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeamua kuuza. Nilimwambia Firmin kwamba kwa ajili ya urafiki wetu nipo tayari kumwachia robo yangu, kwa kodi ya mwezi mmoja tu. Macho yakamng'aa. Akanyoosha mkono. Kisha akaniomba nimsomee mstari wa kwanza.

Nikasoma.

Akairudisha karatasi mezani taratibu, kama mtu anayemrudisha kwa mamaye mtoto aliyejikojolea. Akasema kwao baba yake alimkataza kutia sahihi karatasi inayoanza na neno hasara. Nikamwambia hana imani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kinyozi na mwekezaji.

Jumapili, 25 Mei

Bushra amechaguliwa timu ya jimbo! Kama beki! Bi Kidawa alinipigia simu akilia, nami nikalia juu ya simu ya mteja iliyokuwa wazi mezani. Sasa nayo imeingia maji.

Nikawanunulia saluni nzima soda, kwa pesa ya vioo vya simu. Nikawaeleza kuwa mimi tangu mwanzo nilijua atang'ara nyuma. Firmin hakusema neno kutoka saa nane hadi saa tisa na robo. Nimeandika muda huo pembeni, kwa kumbukumbu.

Jumanne, 27 Mei

Barua ya timu imefika. Bi Kidawa aliniita, nikakimbia na ndala. Macho yangu yalitua moja kwa moja kwenye tarakimu: randi elfu kumi na moja na mia sita. Nikaruka. Nilimkumbatia Maalim, ambaye hakuwa tayari.

Bi Kidawa akaniambia, "Kaka Pandu, isome tena, polepole."

Nikasoma tena, polepole. Basi la kwenda Bloemfontein mwezi wa saba, malazi, chakula, jezi, suti ya mazoezi, begi, fimbo yenye vipimo vyao. Hizo pesa hatupewi. Tunatoa. Nikauliza mshahara umeandikwa ukurasa gani. Bushra akanishika bega na kunieleza kuwa kwa ngazi yake mchezaji hulipa ili acheze. "Eish, sorry, Uncle."

Bi Kidawa hakuutaja mkataba. Laiti angeutaja, ningekuwa na la kujibu, maana nilishaanza kulitunga. Alisema tu kwamba cherehani yake ya pili, ile ya kufungia pindo, ameipeleka rehani asubuhi. Nikatazama pale ilipokuwa. Sakafu ilikuwa safi, yenye alama nne za miguu.

Maalim yeye aliutaja. Robo ni elfu mbili na mia tisa. Nimefanya hesabu hiyo mara nne kwa njia tofauti.

Ijumaa, 30 Mei

Nilikwenda Sandton kwa treni ya kasi, nikiwa na daftari, kumtafuta yule Mkenya wa benki awe mfadhili. Alishuka hadi mapokezi akidhani simu yake ina tatizo. Alitazama mstari wangu. Akasema, kwa heshima zote, kwamba nukta mbili daima hutoa mstari ulionyooka, hata ukizitia ukutani kwa kurusha maembe. Akaniagizia maji ya chupa, akapanda lifti.

Nikarudi. Nilivuka robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu na teksi ikanitukana kwa Kizulu, matusi marefu yenye haki. Nikafungua kopo la maziwa. Nikalipa.

Kisha nikampigia Mama, nikamwambia mabasi yamejaa. Miaka sita, halafu nasingizia basi. Mama akasema si neno, atanikaushia nyama yangu ya Idi aniwekee. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nije nchi hii. Nilikaa kwenye ngazi ya saluni. Firmin akaniletea chai, hakucheka. Heri angecheka.

Jumapili, 6 Julai

Bushra amerudi kutoka Bloemfontein. Timu imekuwa ya tatu, na yeye amepewa kikombe cha beki bora wa mashindano. Nilikiinua nikachungulia ndani. Hakuna kitu.

Bi Kidawa alinikalisha, akanipa chai na sambusa ingawa si Ijumaa. Kina mama wa msikitini wamemchangia, cherehani ameikomboa. Akaweka bahasha mbele yangu: elfu mbili na mia tisa, zote. Alisema ushirika tumeuvunja, Maalim ameridhia, mimi nimefanya la ndugu na halitasahaulika, lakini basi la Alhamisi lina nafasi na mama hana badala. Bushra akaniletea kanga niipeleke Tanga. Alisema kwa Kiswahili, cha kwanza nilichowahi kumsikia nacho, "Msalimie bibi."

Nimelia tena, mara hii bila kuharibu simu ya mtu. Nimempigia Mama, nimemwambia Alhamisi. Kwa kweli nimefundishika. Nimeitia bahasha chini ya godoro na daftari nimelitupa.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeliokota daftari. Lilikuwa limelowa upande mmoja tu.

Sikuwa na nia mbaya. Nilipita kwa Bi Kidawa kuaga kabla ya kwenda stesheni ya Park kukata tiketi. Juu ya cherehani palikuwa na barua mpya. Bushra amealikwa katika timu ya wasichana itakayozuru Uholanzi mwezi wa Aprili mwakani. Gharama zilikuwa chini ya karatasi, sikufika huko. Niliona neno Uholanzi. Katika hesabu zangu Ulaya inaanza 2029. Mtoto amefika miaka mitatu kabla ya wakati!

Nilimwomba Bi Kidawa tuandikiane upya. Akakataa. Maalim akaitwa, naye akakataa, akanikumbusha mama yangu na akanisomea dua kwa sauti. Nikawaambia waelewe jambo moja: mali imepanda, na mimi nadai kuingia kwa bei ileile ya zamani, hii ni bahati inayokuja mara moja. Bahasha nilikuwa nimeshaiweka juu ya cherehani na mikono nimeirudisha mfukoni. Mwisho Bi Kidawa akachoka, akakubali. Bushra akajifunika uso kwa mtandio.

Safari hii nimechukua nusu. Hasara nimeiandika mwenyewe mstari wa kwanza, maana kalamu ya Maalim ilikuwa inasitasita.

Nikampigia Mama kutoka saluni. Nikamweleza kwamba Alhamisi sitaweza, ila Aprili nitapita Tanga nikitokea Uholanzi. Aliuliza kama Uholanzi iko njia ya Tanga. Nikasema kibiashara, ndiyo. Kisha akaniomba nimpe simu mtu mzima yeyote aliye karibu.

Nikampa Firmin. Wamezungumza dakika ishirini, kwa salio langu. Sijui walikuwa wanacheka nini.