Mzee Kona na Kanuni ya Kutokuwepo

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa ndiyo kwanza inapita maofisini, kipaza sauti cha Shirika la Maji kilikohoa, kisha kikawatangazia watumishi wote kwamba enzi mpya imeingia. Kuanzia siku hiyo Shirika lingekuwa na Kamati Maalumu ya Kupima Manufaa ya Washambuliaji Wakongwe. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Meneja Mkuu, ambaye pia ndiye aliyekuwa akitangaza, na ambaye alimaliza kwa kuwaomba watumishi wapige makofi. Watumishi walipiga makofi wakiwa na vikombe mkononi, jambo lililopunguza sauti lakini halikupunguza heshima.

Ukweli ni kwamba Shirika lilikuwa na mshambuliaji mkongwe mmoja tu. Meneja Mkuu alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa amesomea uongozi, na uongozi ulimfundisha kwamba ukimpima mtu mmoja, wenye midomo watasema umemwonea. Mtu mmoja hupimwa kwa wingi.

Mshambuliaji huyo alikuwa msoma mita mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Wenzake katika timu ya mpira wa magongo ya Shirika walimwita Mzee Kona, kwa sababu alikuwa fundi wa kuwakera mabeki mpaka wanamchezea rafu mbele ya goli lao, na refa anatoa kona ya adhabu. Zamani alikuwa akifunga mabao kama mtu anayedai haki yake. Msimu uliopita mabao yake yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki vya kushikia kikombe.

Shirika lilikuwa na utaratibu wake wa siku nyingi. Mchezaji wa timu hupangiwa kazi mjini, karibu na uwanja wa mazoezi. Anayeachwa na timu hupelekwa Kituo cha Pampu, huko juu milimani, ambako barabara hufika ikijisikia. Mke wa Mzee Kona alikuwa mkunga katika hospitali ya mji, na hospitali haikuwa na mpango wa kuhamia milimani. Kwa hiyo Mzee Kona akiachwa, mke angebaki na wajawazito wake wa kuzalisha, na yeye angeishi na pampu.

Nafasi yake ilikuwa imeshapata mtu. Palikuwa na kijana mwenye mbio za aliyekanyaga kaa la moto, jina lake la uwanjani Roketi. Alikuwa akicheza pembeni, na mama yake alilalamika kwamba huko pembeni hamwoni vizuri akiwa jukwaani. Ilitokea tu, bila mtu yeyote kupanga, kwamba mama huyo ni dada yake Meneja Mkuu.

Kamati ilikaa na watu watatu: Meneja Mkuu, Kocha, na Mtakwimu wa Shirika, dada mtulivu ambaye hakuwahi kuonekana akicheka kitu kisichokuwa na asilimia. Mzee Kona aliitwa, akaketi, akanyoosha goti moja lililokuwa likimsumbua.

"Unafanya nini uwanjani?" Meneja Mkuu aliuliza.

"Nasimama, bosi."

"Unasimama wapi?"

"Pale wasipotaka nisimame."

"Ukishasimama?"

"Nawauliza habari za nyumbani."

Mtakwimu aliandika: mawasiliano.

"Mzee wangu," alisema Meneja Mkuu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "Kamati inatafuta mchango unaopimika."

"Basi Kamati ivae viatu, ije uwanjani."

Kocha alicheka, kisha akajifanya amepaliwa. Meneja Mkuu alimsogezea maji, kwa kuwa kiongozi hana budi kuonyesha utu, ila jagi lilikuwa tupu. Mabomba ya mji yalikuwa makavu tangu watu waache kuyazungumzia.

Kamati ilivaa viatu, ikaenda uwanjani. Ilimtazama Mzee Kona mechi nzima kwa saa ya kusimamisha, na kinasa sauti kilifungwa kwenye mkanda wa bukta yake ili maelekezo anayowapa wenzake yasipotee. Kinasa sauti kilisikilizwa ofisini. Sehemu ya kwanza ilikuwa na maelekezo. Sehemu ya pili ilihusu umbo la kipa wa wapinzani, na Meneja Mkuu akaagiza dirisha lifungwe.

"Amegusa mpira mara chache sana," alisoma Mtakwimu. "Lakini mabeki wawili walimganda kama kupe, tangu mwanzo hadi mwisho."

"Watu wawili wanamlinda mtu asiyefunga?" alisema Meneja Mkuu. "Hao ndio waundiwe kamati."

"Bosi," alisema Kocha, "hao wawili wakimganda mzee, Roketi anabaki na nani?"

"Anabaki na kipaji chake."

Jambo hilo liliandikwa kama msimamo wa Kamati. Hata hivyo, Meneja Mkuu hakutaka isemwe kwamba ameamua kwa macho yake, maana macho ya mjomba yana lawama. Alijifungia ofisini, akatoka na kitu ambacho baadaye alikiita kazi bora ya maisha yake. Ilikuwa Kanuni ya Kutokuwepo, nayo ilisema hivi: thamani ya mtumishi ni kile kinachoharibika asipokuwepo. Mtumishi ataondolewa mahali pake kwa muda, na kisipoharibika kitu, ataenda Kituo cha Pampu. Mwishoni aliongeza kwamba Kanuni itawahusu watumishi wote bila kujali cheo. Aliongeza maneno hayo kwa sababu aliyasoma kwa sauti mbele ya kioo na yakamkaa vizuri mdomoni.

Kanuni ilipelekwa kwa Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hata madereva wa Shirika walichomekea shati walipomwona. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Umeiandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Vizuri," alisema mama, akatia sahihi.

Mzee Kona akaondolewa, Roketi akawekwa katikati, na mama yake akapata kumwona vizuri. Alimwona vizuri akianguka. Mabeki wawili ambao kila timu iliwapa kazi maalumu ya kumganda mzee sasa hawakuwa na kazi, wakaenda kuwasaidia wenzao, na Roketi akajikuta amezingirwa kila upande kama mgeni aliyeingia msibani na zawadi ya harusi. Timu ilifungwa. Meneja Mkuu alieleza kwamba nyasi zilikuwa ndefu. Mechi iliyofuata nyasi zilikatwa, timu ikafungwa tena, na ikaelezwa kwamba zilikatwa mno.

Siku ya mechi ya tatu, Mzee Kona alikaa nje ya uzio na mkewe. Hakusema kitu, jambo lililomtia mkewe wasiwasi.

"Sema basi neno," alisema mke. "Hata mtukane kipa."

"Kanuni inasema sipo."

"Sanduku lako nimelitoa juu ya kabati. Sijaweka kitu ndani."

"Liache hivyohivyo."

Mechi ilipokwisha, timu ikiwa imefungwa kwa mara nyingine, mabeki wawili wa wapinzani walikuja mpaka kwenye uzio.

"Shikamoo, mzee," alisema mmoja wao, mnene. "Leo umetupumzisha."

"Marahaba. Ishukuruni Kamati."

"Tumekwisha kuishukuru. Mimi nikicheza nawe hurudi nyumbani kichwa kinaniuma. Leo mke wangu atadhani sikwenda uwanjani."

Meneja Mkuu alikuwa karibu, akasikia, akahesabu maneno hayo kuwa hujuma. Lakini nyuma yake alitokea Roketi, kifundo cha mguu kimevimba.

"Mjomba, mrudishe yule mzee."

"Nimekupa nafasi yote uwe nayo peke yako."

"Ndilo tatizo, mjomba. Niko nayo peke yangu na mabeki wanne."

Mzee Kona alirudishwa kwa ajili ya nusu fainali, ambayo timu iliifikia kwa pointi ilizokusanya kabla hajaondolewa. Hakufunga. Alisimama pale wasipotaka asimame, akauliza habari za nyumbani, akaangushwa, akapata kona zake, na Roketi akafunga mpaka mama yake akaishiwa sauti. Mtakwimu aliandika taarifa fupi kuliko zote katika historia ya Shirika: kilichoharibika asipokuwepo ni timu. Mke wa Mzee Kona akalirudisha sanduku juu ya kabati.

Mtu mwingine angeona haya. Meneja Mkuu aliona ushindi, kwa kuwa Kanuni yake imefanya kazi, akaenda kwenye Bodi kupendekeza iendelee kwa matarishi.

"Kwa nini matarishi?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

"Ni wengi, mama."

"Mimi naona tuanzie juu, wenye midomo wasije wakasema tumeonea."

Meneja Mkuu alitabasamu. Hakuwa na shaka hata kidogo. Alikabidhi ofisi kwa Mtakwimu, akaenda nyumbani, akaweka simu pembeni ya kiti, akangoja Shirika lianguke.

Siku ya kwanza simu haikulia, akadhani wanaona aibu kumpigia. Siku zilizofuata akadhani nyaya zina hitilafu. Mwishoni mwa juma alilala kitini baada ya chakula cha mchana, akaota watumishi wamejaa ukumbini wanampigia makofi, safari hii bila vikombe. Makofi yalizidi, yakawa mazito, yakaanza kumlowesha miguu. Alipoamka aliona kiatu chake kimoja kinaelea kuelekea mlangoni.

Ni desturi ya mji ule kuacha bomba wazi na ndoo chini yake, ili maji yakija, watu wasikie. Nyumba ya Meneja Mkuu nayo ilikuwa na bomba wazi. Lakini kwa kuwa yeye aliletewa maji kwa gari la Shirika, alikuwa amesahau kwamba lile bomba ni bomba.

Alipiga simu ofisini akiwa amesimama juu ya meza.

"Nani ameruhusu maji?"

"Mimi, bosi," alijibu Mtakwimu. "Idhini ya kufungua bomba kuu ilikuwa mezani kwako. Nilidhani umesahau kuisaini."

"Sikusahau. Ilikuwa inangoja kikao."

"Mafundi walisema hawakuambiwa kuhusu kikao. Mji mzima unafua nguo, bosi. Nikufungie?"

Bodi ilimwita. Alikuja na kipande cha zulia kilichooza, akakiweka mezani kama kielelezo.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Sikuwepo, na kitu kimeharibika."

Mama Mwenyekiti alikigusa kwa ncha ya kalamu. "Hiki tu?"

"Na kiatu."

"Hebu tuambie, mwanangu. Ukiwa ofisini unafanya nini?"

"Nasaini."

"Usiposaini?"

"Maji hayatoki."

"Na ukisaini?"

Meneja Mkuu alifikiri kwa uaminifu. "Hatukuwahi kufika huko, mama."

Kanuni ikachukua mkondo wake, na barua ya Kituo cha Pampu ikaandikwa. Hapo ndipo Meneja Mkuu alipokumbuka ule utaratibu wa siku nyingi, kwamba mchezaji wa timu habanduki mjini. Jioni hiyohiyo alikwenda uwanjani amevaa bukta iliyokuwa bado na alama za kukunjwa dukani. Kocha alimtazama miguu, akamwita Mzee Kona atoe ushauri wa kitaalamu.

"Unaweza kukimbia, bosi?"

"Sijajaribu siku za karibuni."

"Kuzungumza na mabeki?"

"Kwa maandishi."

Mzee Kona alifikiri, huku akilisugua goti. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya goli, kwenye majani marefu yaliyokuwa yakimeza mipira kila siku ya mazoezi.

"Simama hapa," alimwambia. "Ukipita mpira, uokote."

Akaandikishwa mwokota mipira wa timu, na milimani hakwenda. Alisimama pale fainali ilipochezwa, alisimama msimu uliofuata ulipoanza. Kisha siku moja alishikwa na homa, akabaki nyumbani, na mipira miwili ikapotelea majanini bila kuonekana tena. Mtakwimu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Meneja Mkuu, aliiweka hasara hiyo kwenye taarifa ya wiki kama anavyoweka kila kitu.

Mwokota mipira alipopona aliikuta taarifa imebandikwa ubaoni. Aliisoma, akaazima miwani ya Mzee Kona, akaisoma tena.

"Mzee," alisema taratibu, "kumbe nisipokuwepo kuna kinachoharibika."

"Ndiyo, bosi. Sasa nenda nyuma ya goli, tunaanza."