Diski Isiyojaa

Mtu anayefuta picha kwenye simu ili apate nafasi ana sura yake, na Faraji aliijua sura hiyo tangu ng'ambo ya barabara. Kichwa kimeinama, mdomo umeumwa, kidole kinakwenda kinarudi: amfute shangazi au aifute bajaji aliyokwisha kuiuza? Mtu wa namna hiyo hahitaji kushawishiwa. Ameshajishawishi mwenyewe, anangoja wa kumpokea tu.

Na wa kumpokea alikuwapo. Fremu yake ya duka ilikuwa Mbezi Luis, hatua chache kutoka stendi kuu ya mabasi, na juu ya mlango kibao kilisema FARAJI DAKTARI WA KOMPYUTA. Udaktari aliupata wapi, usiniulize mie. Ninachojua ni kwamba wagonjwa waliingia na ugonjwa mmoja wakatoka na mawili, na bado wakasema asante.

Mwezi ule alikuwa na mzigo mpya. Diski za nje, nyeusi, zinang'aa, kila moja imeandikwa ubavuni terabaiti mbili, yaani nafasi ya kuweka harusi zote za Goba tangu watu waanze kujenga vilimani kule. Huo ni ubavu. Ndani ya kasha mlikuwa na memori kadi ya simu, ile ndogo kama ukucha, na nati ya chuma iliyogundishwa ili mteja akishika aone uzito. Kadi yenyewe ilikuwa imefundishwa uongo. Kompyuta ikiiuliza ina nafasi gani, inajibu terabaiti mbili bila kupepesa. Ikijaa, haisemi kwamba imejaa. Inarudi mwanzo, inaandika vipya juu ya vya zamani, na majina inayaacha palepale. Ukitafuta harusi yako kwa jina utaiona. Ukiifungua, giza.

"Diski hii haijai," Faraji aliwaambia watu, na hapo, jamani tumtendee haki, alikuwa anasema kweli tupu.

Basi asubuhi moja akaingia Mzee Eliaichi, kompyuta kaibeba kifuani, kaifunga kwa taulo. Huyu ndiye mwenye studio ya video kule Goba, mpiga harusi, kipaimara na kitchen party, anayesifika kwa mambo mawili: picha safi na mkono mgumu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Aisee, hii mashine imejaa. Nikitaka kuingiza harusi inagoma. Nimefuta mpaka mchezo wa karata."

Faraji akatega sikio juu ya kompyuta, akafumba macho kama anasikiliza kifua. "Mzee, inahema hii. Humu mna harusi ngapi?"

"Zote."

"Zote zote?"

"Tangu nianze kazi. Watu wanapoteza za kwao, halafu wanarudi kwangu kununua upya. Nikifuta si nitakuwa natupa hela?"

Faraji nusura ambusu. Alichukua diski moja, akaipangusa kwa shati, akaiweka juu ya meza taratibu, utadhani italia. Akaingiza kipande cha harusi, akakifungua, bibi harusi akatokea anakata keki. Safi kabisa.

"Mjini wangekuliza kwa bei, mzee. Kwangu ni nusu bei."

"Nusu ya nusu."

"Mzee! Sasa mie nile nini?"

"Ugali. Nusu ya nusu, na waya juu."

Wakavutana mpaka Faraji akajifanya ameumia, akakubali. Kisha akamsogelea, akashusha sauti. "Ukifika nyumbani, usikopi. Kata zote uhamishie huku, mashine ipate kupumua." Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wenyewe, kwa sababu mteja anayebaki na za awali atalinganisha, lakini aliyekwisha kukata atadhani kakosea mwenyewe, na mtu hajishtaki polisi.

"Una hakika nayo?" Eliaichi akauliza.

"Wallahi ikiharibika, nikatwe huu mkono."

"Mkono wako niupeleke wapi?" mzee akasema, akaondoka na diski yake.

Sasa, Faraji naye alikuwa na moyo, na moyo wenyewe ulikuwa Mbweni, kwa binti anayeitwa Mwanakombo. Alimpenda kwelikweli, hapo hapakuwa na ujanja. Ila hata kwake mkono haukuacha kazi: binti aliposema simu yake imejaa, Faraji akampa diski moja ya ule mzigo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Alipanga kuja kuibadilisha kwa nzuri. Faraji mipango alikuwa nayo mingi sana.

Jioni ile alipofika Mbweni akamkuta barazani Baba mdogo Hija, ndugu wa marehemu baba yake Mwanakombo, kajaza kiti.

"Umekuja. Basi sikia. Mahari ni seti ya makochi, kitanda, friji, na kilemba changu mie ni bodaboda."

"Baba mdogo, tangu lini kilemba kikawa na magurudumu?"

"Mambo yanabadilika, mwanangu."

"Lakini marehemu Mzee Nurdin alisema mbele za watu, siku ya harusi ya binti yake Tabu. Alishika kipaza sauti akasema Mwanakombo kanipa mie, na mahari ataitaja binti mwenyewe, asije mtu akamtajia."

"Nani alisikia?"

"Ukumbi mzima!"

"Ukumbi mzima ulikuwa unakula pilau, na mie nilikuwa Tanga. Jumamosi wazee wanakaa. Lete video niione kwa macho yangu. Huna video, lete bodaboda. Huna vyote, kuna kijana wa Bagamoyo ameshamuulizia huyu binti."

Mwanakombo, aliyesimama mlangoni na sinia la chai, alimtazama Faraji kwa macho ya kuomba. Unajua, video hiyo familia ilikuwa nayo, kwenye flashi. Mwaka jana ilipoanza kusumbua waliipeleka kwa daktari wao wenyewe, mkwe mtarajiwa. Faraji akawaambia flashi imekufa, poleni. Kisha akaisafisha, akaifungia kwenye karatasi ya nailoni, akaiuza kama mpya.

"Aliyepiga ile harusi si anazo bado?" Mwanakombo akasema. "Yule mzee wa Goba. Eliaichi."

Chai aliyokwisha kupewa ikampalia Faraji. Walimpiga mgongoni mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake kabla jua halijapanda alikuwa Goba. Studio ilikuwa chumba kimoja, kuta za buluu, kamera juu ya miguu yake mitatu imeelekea kwenye stuli ya wateja. Faraji akakaa kwenye hiyo stuli.

"Karibu daktari!" Eliaichi alifurahi mno. "Nimefanya kama ulivyoniambia. Nimekata zote. Mashine sasa inakimbia kama swala."

"Zote, mzee?"

"Mpaka ya mwisho. Vipi?"

Faraji akaomba kuiona ya Tabu, tena kwa sauti ndogo. Diski ikachomekwa. Jina lilikuwapo: Harusi ya Tabu, Mbweni. Ukubwa ulikuwapo. Akabonyeza. Giza. Akabonyeza tena, akapuliza waya, akachomoa akachomeka, akasoma bismillahi. Giza lile lile.

"Labda kompyuta yangu," Eliaichi akasema kwa upole. "Maana diski ni nzima. Si uliiapia?"

"Mzee..."

"Au siyo nzima?"

Basi kijana akavunjika. Alimwona kabisa yule mtu wa Bagamoyo amevaa kanzu mpya, akaanza kulia, si kilio cha biashara, kilio chenyewe. "Mzee nisamehe. Hiyo diski ni feki. Ndani mna memori kadi na nati."

"Sema vizuri, sikio langu hili halisikii."

"Ni feki! Zote ni feki! Nati nagundisha mwenyewe! Nimewauzia mpaka abiria wa mabasi! Hata flashi ya wakwe zangu niliifuta nikaiuza!"

"Hata ya wakwe?"

"Hata ya wakwe, mzee!"

Eliaichi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata picha aliyoitaka. Akaenda kwenye kabati, akafungua. Diski zimejipanga, kila moja na karatasi yake.

"Sikia kijana. Zamani nilimpotezea mtu harusi. Wakanilazimisha niipige upya, na bibi harusi alikuwa mjamzito wa miezi minane. Gauni halikufunga nyuma, tukamfunika na maua. Tangu siku hiyo mimi ni bahili kwa kila kitu, ila kwa hili sina ubahili. Kila harusi ina makao matatu: kwenye mashine, kabati hili, na kwa dada yangu Machame. Na sifuti kitu kabla sijakitazama mpaka mwisho. Hiyo diski yako niliijaza makopi tu. Kufungua kipaimara cha mjukuu wangu, kabla askofu hajafika, mtoto akageuka giza. Nikaitikisa. Ikalia nati."

Faraji hakujua acheke au amwangukie miguuni. Akachagua miguu. "Mzee, nipe hiyo moja tu. Ya Tabu."

"Nitakupa. Ulete zile diski mbili unazotumia wewe mwenyewe. Nzima, zisizolia."

"Mzee, hizo ndizo maisha yangu! Walau nusu bei!"

"Hii ni bei ya mjini," Eliaichi akasema.

Diski zikaletwa. Ijumaa Eliaichi akamkabidhi flashi iliyofungwa utepe. "Nimekutengenezea vizuri, kichwa na mkia. Itazame kwanza mpaka mwisho."

Faraji akaifungua palepale, akamwona Mzee Nurdin ananyanyuka na kipaza sauti, akaizima kwa furaha. Mpaka mwisho wa nini? Alichokitaka alikuwa ameshakiona.

Jumamosi wazee walikaa Mbweni, kofia zimenyooka, runinga imewashwa. Marehemu akatokea, mzima, anacheka, jasho la ukumbini usoni. Akasema: Mwanakombo nimempa Faraji, kijana huyu ni mwaminifu, mahari ataitaja mwanangu kwa mdomo wake, na ndugu yangu Hija asitie mkono, namjua. Wazee wakaangua kicheko huku wanapangusa macho. Mwanakombo alijifunika uso kwa kanga. Hija akatazama dari.

Faraji akanyanyuka kuchomoa flashi, kifua mbele.

"Iache," Hija akasema kwa hasira. "Nataka nilione hilo pilau mlilokula bila mie."

Pilau halikuonekana. Kioo kilizima, yakaja maandishi ya dhahabu yenye maua pembeni: Kwa Hisani ya Eliaichi Video, Goba. Kisha stuli, ukuta wa buluu, na juu ya stuli Faraji, kamasi zinamtoka, mwanga mzuri kabisa. "Ni feki! Zote ni feki! Nati nagundisha mwenyewe!" Mzee alikuwa amepiga safi, hata chozi lilionekana linavyoteremka. "Hata ya wakwe, mzee!"

"Astaghfirullah," mmoja akasema. Kisha Baba mdogo Hija akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamdondokea mapajani.

Mwanakombo hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na ile diski nyeusi aliyopewa. Akaitikisa mbele ya Faraji. Gundi ilikuwa imeachia, nati ikalia.

"Picha za baba nilizitia humu," akasema. "Za Idi, na zile za mwisho hospitali. Nikazifuta kwenye simu kama ulivyonifundisha. Zilipokuja giza nilidhani mie ndiye sijui kutumia. Faraji, nimelia siku ngapi nikijilaumu?"

Faraji akainamisha kichwa. Aliona aibu, ile ya kweli, inayochoma masikio.

"Baba kasema nitaje mwenyewe," Mwanakombo akaendelea. "Basi wazee sikieni. Sitaki makochi. Kila diski aliyouza aifuate, aichukue, na mwenyewe ampe nzima. Akimaliza, aje anioe. Asipomaliza, asije."

"Mwanakombo! Kuna mtu alipanda basi la Sumbawanga!"

"Basi si lipo? Unakaa stendi wewe."

Wazee wakaitikia kwamba mahari hiyo ni halali. Mwanakombo akamshindilia Faraji diski kiganjani. "Anza na hii." Kisha akaichomoa flashi kwenye runinga, akaifunga ncha ya kanga, akakaza fundo mara mbili. "Na hii ndiyo baba niliyebaki naye. Isije ikaonekana dukani kwako."

Jumatatu alfajiri, kwenye basi la Sumbawanga, Faraji alikaa dirishani na mfuko wa diski za kweli mapajani, ameuza mpaka kibao cha udaktari kuzipata. Pembeni yake akakaa bwana mmoja mnene, katoa simu, kichwa kainamisha, mdomo kauma, kidole kinakwenda kinarudi.

"Imejaa?" Faraji akajikuta ameuliza.

"Imejaa, ndugu yangu. Wewe unajua dawa yake?"

Faraji alimtazama, mkono wenyewe unamwasha.

"Usifute kitu," akasema, akageukia dirishani.